Chakula ni ndizi, nilivyojua mimi kabla sijapangiwa Kongwa

Kwetu Muleba, Kagera, ukimuuliza mtu kama amekula hauulizi kama ameweka kitu tumboni, unauliza kama amekula ndizi. Mtu anaweza akawa amepiga wali sahani mbili na samaki juu, ukimuuliza anakwambia bado sijala, nimeonja tu kawali hapo kwa jirani. Mi nimekulia humo kwa hiyo sikuona ajabu yoyote, niliona ndo dunia nzima ilivyo, na wanaokula ugali kila siku nilikuwa nawahurumia kimoyomoyo kama unavyomhurumia mtu aliyefiwa. Wahaya mnatujua, nshomile, yaani "nimesoma", hata huruma yetu ina maringo ndani.

2009 nimemaliza chuo cha ualimu, ajira zikatoka, jina langu likasoma Kongwa, Dodoma, shule ya msingi. Mama alilia. Hakulilia umbali, alilia akiuliza huyu mtoto atakula nini.

Nilisafiri mwezi wa saba, kiangazi kimekaza. Basi la Dar linapita Biharamulo, Kahama, Nzega, Igunga, Singida, halafu ndo unaingia Dodoma, na mi nilikaa dirishani nikawa nahesabu migomba kwa macho. Kwetu nyumba haionekani kwa migomba, yaani unaona moshi tu unatoka juu ya majani ndo unajua hapa kuna watu. Baada ya Biharamulo migomba ikaanza kuwa miwili mitatu nyuma ya choo, Kahama ikapotea kabisa, Igunga nikaona majaruba ya mpunga yaliyokauka, Singida mawe na mabua ya alizeti, na kulipopambazuka kesho yake kwenye gari la kwenda kijijini nikaona mibuyu imesimama haina hata jani moja, mikono juu. Nikasema hapa kweli mama alikuwa na haki ya kulia.

Nikapanga chumba kwa mama mmoja wa Kigogo, mjane, anaishi na mama yake mzazi ambaye sote tulimuita bibi. Siku ya kwanza jioni wakaniletea ugali wa uwele, ule wa rangi kama ya majivu, na bakuli la mlenda. Nikapiga tonge, nikachovya, ile nanyanyua mkono mlenda unavutika tu kama uzi wa kushonea, haukatiki, mwingine umenishuka mpaka kwenye kiwiko. Watoto wakacheka mpaka wakalala chini. Mama mwenye nyumba akanionyesha, unazungusha mkono kidogo hivi kama unafunga uzi kwenye kigingi, halafu unakata. Nilijifunza, ila kwa muda mrefu nilikuwa nakula nimefumba macho.

Miezi miwili baadae mama yangu akashindwa kuvumilia akatuma mkungu kwa basi. Kondakta kanipigia saa nne usiku, njoo upokee mzigo wako Kibaigwa, pale kwenye soko la mahindi barabara kuu. Nikachukua bodaboda usiku ule ule nusu saa nzima ya vumbi, nafika mkungu ushaanza kuiva. Joto la ndani ya buti lile, na kupigwapigwa kote kule njiani, vidole vya chini vimekuwa vya njano. Kwa mtu wa kwetu ndizi ya kupika ikiiva ni hasara, ni kama mchele ulioingia mafuta ya taa. Watoto wa pale nyumbani wakaona ni sikukuu, wakala mbivu zote asubuhi na maganda wakayagombania na mbuzi.

Mkungu wa pili ulifika mzima. Hapo nikasema leo nawaonyesha chakula. Nikapaka mafuta mikononi utomvu usinishike, nikamenya sufuria nzima, nikachanganya na maharage, majani ya mgomba mama alikuwa ameyafunga humo humo na mkungu nikafunikia juu, nikaacha kwenye moto mdogo mpaka ikawa katogo hasa, ile ambayo ndizi imenywa maharage. Nikawaita wote, bibi, mama, watoto, na walimu wenzangu wawili. Wakala. Wakasifia sana, tamu mwalimu, tamu, asante. Bibi akalamba kidole. Halafu mama mwenye nyumba akasimama, akaenda jikoni, akabandika maji ya ugali.

Nikamuuliza mama mbona unabandika tena? Akaniangalia kwa upole kabisa akasema, "Mwalimu, sasa hawa watoto watalala njaa?"

Nilicheka ila iliniuma. Nimebeba mkungu usiku, nimemenya, nimepika saa mbili nzima, kumbe nimepika mboga. Ndo siku nilipomsikia mama yangu na maneno yake ya "nimeonja tu kawali" akitokea kwenye mdomo wa mwanamke wa Kigogo ambaye hajawahi hata kuliona ziwa Victoria. Tumbo linaweza likajaa na bado mtu akawa hajala. Jiografia nilikuwa naifundisha darasa la tano, hilo kwenye kitabu halikuwepo.

Mlenda nao nikaanza kuuangalia upya, na hapa naomba mnivumilie maana nina mengi ya kusema kuhusu mlenda. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja tu, inaanza Desemba inaisha Aprili, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 na kitu, ikizidi sana 600. Bukoba mjini inakaribia 2,000. Sasa kwenye miezi hiyo michache majani yanaota yenyewe, kwenye mashamba na pembeni ya njia, kina mama wanachuma, wanaanika, yakikauka wanatwanga yanakuwa unga wa kijani wanaweka kwenye kibuyu au ndoo. Ule unga unakaa mpaka mvua nyingine. Mwezi wa kumi, wakati hakuna jani bichi hata moja kijiji kizima, mama anachota vijiko viwili, maji, magadi kidogo, anapekecha, dakika chache watu saba wana mboga. Hakuna mafuta ya kupikia, kuni mbili tu, maji kidogo, na kule maji tulikuwa tunanunua dumu. Na ule utelezi tunaoucheka ndo unaopitisha ugali wa uwele kooni bila nyama wala mchuzi. Kuna watu wamekaa na ukame vizazi na vizazi wakaupigia hesabu mpaka wakapata jibu, mi nafika na diploma yangu nawaonea huruma.

Haya, sasa nije kwenye kile ambacho mpaka leo nikikumbuka napata joto la uso.

Uwele na mtama vinavumilia ukame kuliko mahindi, hilo kila mtu anajua, ndo maana wataalamu kila mwaka wanapita kuwaambia watu wa Dodoma limeni mtama, limeni uwele. Ila hindi lina maganda, limejifunika. Uwele umekaa uchi juu ya bua. Punje zikianza kujaa, bado zina maziwa ndani, wanakuja kwelea kwelea, tundege tudogo midomo myekundu, na hawaji watano, wanakuja kama moshi, wakitua shambani bua linainama. Hapo lazima mtu awepo, tangu alfajiri, maana wanakula asubuhi sana na jioni, na anayekuwepo ni mtoto. Anapanda kwenye ulingo na kombeo lake na udongo, kuna kamba zimefungwa makopo anavuta yanagonga, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Hiyo ndo kuamia.

Mi mwalimu mpya, nina moto, napiga roli kol mwezi wa tatu nakuta darasa la watoto sitini wapo thelathini na wachache. Wako wapi? Wanaamia ndege madam. Nikaona huu ni ujinga, nikaandika majina yote nikapeleka kwa mtendaji, wazazi wakaitwa, wakatishiwa faini, watoto wakarudi darasani. Nilisifiwa kwenye kikao. Kulikuwa na kadogo kamoja, mzito wa hesabu ila anajua kuchora ng'ombe huyo, baba yake alikuwa Kibaigwa anabeba magunia, mama yake ndo kwanza amejifungua. Alikaa kwenye dawati lake wiki mbili, hakukosa hata siku moja. Alikuwa ananiangalia tu.

Mwezi wa tano nikapita kwao na mama mwenye nyumba kumuona mtoto mchanga. Shamba liko hapo hapo mlangoni. Masuke yamesimama yote, marefu, mazuri ukiwa mbali, ukisogea karibu ni matupu, kama mikia ya panya. Mama yake akatupa kigoda, akatupa uji, akasema karibuni, hakusema kingine chochote, na ule uji nilijua umetoka wapi na umebaki kiasi gani. Njiani mama mwenye nyumba naye alinyamaza, halafu tunakaribia nyumbani akasema tu, "Ndege hawajui kusoma, mwalimu."

Mwaka uliofuata ile familia ikalima mahindi tupu. Na siyo wao peke yao, nikaanza kuona shamba baada ya shamba watu wanahama kwenye uwele, ukiwauliza wanakwambia watoto wanasoma nani ataamia? Halafu kuna na shule yenyewe, mchango wa chakula cha mchana kwetu ulikuwa debe la mahindi, siyo mtama wala uwele, mahindi, kwa sababu mpishi anajua makande na uji wa mahindi. Kwa hiyo mwenye mtama anauza mtama wake kwa bei ya kutupa akanunue mahindi alete shuleni. Kila kitu kinamsukuma kwenye hindi. Sasa Dodoma mvua ina tabia ya kukata mwezi wa pili, inakaa wiki mbili tatu haipo, uwele unajikunja unasubiri, hindi likiwa linatoa mbelewele likakuta hiyo wiki tatu basi kwaheri. Ikakata. Mahindi ya wale watu yakakauka yakiwa yamenifika kiunoni. Nikasimama pale barabarani najiuliza kilicholeta njaa hapa ni mvua, ndege, au mimi na rejista yangu.

Simaanishi watoto wasisome, mi ni mwalimu bado, naomba nisieleweke vibaya. Baadae tulikuja kukubaliana pale shuleni kimya kimya, msimu wa ndege wa madarasa ya juu waingie saa nne, na mkuu wa shule akajifanya hana saa. Kuna mwaka serikali ikaleta ndege ya kupuliza sumu, watoto wakashangilia sana, ndege inafukuza ndege.

Bibi ndo aliyekuwa anajua habari za njaa. Ugogoni njaa zina majina, kama watoto. Aliyokuwa anaitaja kwa sauti ya chini ni Mtunya, ya 1917 mpaka 1920, yeye alikuwa hajazaliwa ila mama yake aliipita. Na alivyokuwa anaisimulia haianzi na mvua. Inaanza na vita, Mjerumani akipita anachukua nafaka na ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, Mwingereza akija nyuma yake naye anachukua, halafu ndo mvua ikakosekana na watu wakakuta ghala tupu na zizi tupu. Kuna nyingine yeye mwenyewe aliziona, ile ya miaka ya 70 walipoletewa unga wa mahindi ya njano toka Marekani, watu wakauita yanga, mpaka leo ukimpelekea mzee wa pale hindi la njano anaona umemtukana.

Na Kongwa ndo pale pale Waingereza walipokuja kulima karanga. Baada ya vita ya pili kwao mafuta ya kula yaliadimika, wakaamua 1947 waje wafyeke Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, karanga kwa matrekta. Vifaru vya vita walivigeuza kuwa trekta, nawaambia ukweli. Mibuyu ikawashinda, nyuki wakawatafuna, ule udongo mfinyanzi wa pale mvua ikiisha unakuwa saruji, karanga ziko chini hazitoki na majembe yanaisha makali. 1951 wakafunga. Wazee wanasema waliona eneo kubwa halina watu wakafurahi, hawakuuliza kwa nini halina watu. Nilikuwa nacheka sana hiyo hadithi mpaka siku nilipokumbuka nami nilifika pale nikauliza nini.

Likizo ya Desemba nikaenda nyumbani, msimu wa senene, nikawa najitapa kwa bibi yangu mzaa baba kwamba sisi Mungu alitupendelea, udongo wa rutuba, mvua, angalia Wagogo wanavyohangaika. Bibi alikuwa anachambua senene, anang'oa mabawa na miguu, akacheka mpaka akaacha kazi. Akaninyooshea kidole rweyani, yale majani matupu zaidi ya mwisho wa migomba, akaniuliza, ule udongo na huu wa kibanjani, hapa kwenye migomba ya nyumbani, si uko pamoja? Mvua si ile ile? Nenda kapande mgomba rweya uone.

Kumbe ile mvua yetu nyingi ndo inayoosha udongo, inapeleka rutuba yote ziwani. Kibanja kimetengenezwa. Ni nyasi zilizokatwa rweya zikatandikwa chini ya migomba, samadi ya ng'ombe, maganda, majivu, uchafu wote wa jikoni, vizazi juu ya vizazi, mwanamke anaolewa anakuta kibanja cha mama mkwe wake naye anaendelea kukilisha. Bibi aliniambia mwenye ng'ombe ndo aliyekuwa na kibanja kinene, asiye na ng'ombe alienda kuomba samadi kwa heshima na kurudisha kazi, na ng'ombe wakipungua migomba nayo inakonda, ilishawahi kutokea zamani za sotoka, ile tauni ya ng'ombe, miaka ya 1890. Kwa hiyo nilichokiita baraka ni migongo ya wanawake. Kwenye kitabu changu cha darasa la tano imeandikwa Kagera ina udongo mzuri basi, nukta.

Alafu akanipa senene nipeleke kwa wenyeji wangu, na aliniambia zamani wao walikamata na kukaanga ila hawakuruhusiwa kula, senene ni za mume, na mume naye lazima akununulie nguo. Nikamuuliza mlikuwa kweli hamli? Akaniangalia tu. (Kongwa senene waliwakataa katakata, mdudu mwalimu! na hao hao wanakula kumbikumbi.)

Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulikuwa umeshaingia wilayani kwetu tangu 2006 ila kijijini kwetu ulichelewa. Ulipofika ulifika. Jani linageuka njano linanyong'onyea kama limemwagiwa maji ya moto, ukikata ndizi ndani ina kahawia, na ubaya wake panga ulilokatia mgomba mgonjwa ukikatia mzima umeshaupanda ugonjwa. Baba alikata kibanja nusu na kuchimba visiki, kazi ya kama msiba. Simu zikaanza kuwa fupi. Siku moja namuuliza mama mmekula nini leo, akashusha sauti, kama anaogopa jirani asisikie, akasema, "Mwanangu, tunakula ugali."

Jumamosi nikaenda Kibaigwa nikanunua gunia la mahindi, nikasaga, nikampa kondakta yule yule aliyekuwa ananiletea mikungu. Akashangaa, madam leo mzigo unapanda? Mama mwenye nyumba aliposikia akachota unga wake wa mlenda kwenye ndoo, akajaza mfuko wa kilo, akafunga na kitambaa, mpelekee mama yako.

Siku tatu baadae simu. Mama anauliza hii poda ya kijani ni dawa ya nini. Nikamwambia ni mboga, chemsha maji, tia magadi kidogo, pekecha, usifunike. Nilirudia mara mbili, usifunike mama. Jioni akapiga tena amekasirika, amefunika, umefurika mpaka umezima moto, jiko lote linateleza, paka kakimbia. Nikacheka weee. Nikamuuliza kwa hiyo mmekula nini sasa?

"Hatujala," akasema. "Tumemalizia tu ugali na hako kalikobaki kwenye sufuria. Baba yako anauliza kama umetuma mwingine."